Usiizime

Kazi ya Masasi niliipata kwa sababu kaka aliyekuwa akiifanya kabla yangu alichukuliwa na mojawapo ya kampuni za simu za watu binafsi zilizokuwa zikifunguliwa Dar es Salaam miaka ile. Alinikabidhi ufunguo wa ofisi, kitabu cha Kiingereza kilichopoteza jalada, na neno la siri la kuingilia kwenye seva iliyokuwa juu, Newala. Tulikaa pamoja siku chache, akanionyesha amri muhimu, halafu akapanda basi.

"Ukiogopa, usibonyeze enta," aliniambia pale stendi. "Soma tena kwanza."

Niliogopa kila kitu. Kwa hiyo nilisoma sana na kubonyeza kidogo.

Mradi ulikuwa wa afya. Juu Newala, nje kidogo ya mji, kulikuwa na hospitali ndogo ya misheni na zahanati za vijijini zilizoitegemea. Chini Masasi ilikuwepo ofisi yetu, chumba kimoja nyuma ya maghala ya korosho, mahali ambapo malori ya wanunuzi binafsi yalijipanga msimu mzima na vumbi lake likaingia mpaka ndani ya kibodi. Hospitali ilikuwa na dishi la setilaiti juu ya bati, na ndani ya stoo ya dawa ndimo ilimokaa seva, kompyuta ya mtumba iliyopokea na kupeleka barua zote za mradi. Kila alasiri muuguzi mkuu aliandika mahitaji yake: dripu, glovu, nyuzi za kushonea, damu. Mimi nilipiga mtandao kwa simu ya waya, nikauchukua ujumbe, na gari likapanda na vitu. Simu za mkononi zilishafika Masasi mjini, ila kule juu mtu alilazimika kuhangaika kutafuta mahali pa kuipata minara. Kilichobaki ni redio ya upepo, nayo mawingu yakikusanyika hukoroma tu.

Mimi ni mzaliwa wa Mkunya, kule kule Newala, kwa hiyo hospitali ile niliifahamu kabla ya kujua kompyuta ni nini. Mama yangu alijifungulia hapo wadogo zangu. Nilipomweleza kwamba sasa ninaitunza mashine ya hospitali, alifurahi, akawaambia majirani kwamba natengeneza redio. Sikumsahihisha.

Siku ninayoisimulia, simu ya mezani iliita nikiwa nakunywa chai. Alikuwa kijana wa kampuni ya Dar iliyotuuzia laini ya setilaiti.

"Dada, ninyi ndio wenye seva ya Newala?"

"Ndiyo, sisi."

"Inatapika barua chafu. Matangazo ya dawa za nguvu za kiume, kwa Kiingereza, yanakwenda dunia nzima."

"Haiwezekani, kaka. Ile ni hospitali ya misheni."

"Misheni au siyo misheni, kuna mtu amepata pa kuingilia. Wakubwa hapa wamekasirika. Jioni nikikuta bado inatapika, naikata laini. Samahani sana, dada."

Nilikata simu, chai ikapoa hapo hapo. Ofisini sikuwa na wa kumuuliza. Mtangulizi wangu nilimpigia kwenye namba aliyoniachia, ikaita mpaka ikakatika. Nikawasha modemu, nikasikiliza mlio wake wa kukwaruza, nikaingia kwenye seva kwa njia ya skrini nyeusi, ile isiyo na picha wala kishale cha kubofya, maandishi matupu.

Kweli ilikuwa inatapika. Foleni ya barua zinazosubiri kutoka ilipita kwenye skrini bila kikomo, majina ya watu wa nchi nisizozijua. Nikaomba mashine inionyeshe kanuni za faiwoli, yaani zile amri zinazoiambia ipokee wageni gani na iwakatae wepi. Seva ina milango mingi yenye namba: mmoja wa barua kuingia, mwingine wa watu kuchukulia barua zao, mwingine wa fundi kama mimi kuingilia kutoka mbali. Bila kanuni, yote huwa wazi kwa yeyote aliyeko popote duniani. Jibu lililokuja lilikuwa vichwa vya habari vitatu, na chini ya kila kimoja hapakuwa na kitu. Mashine ilikuwa imeketi wazi tangu siku iliposimikwa.

Nilikifungua kile kitabu kwenye sura ya iptables, ndilo jina la amri yenyewe, nikasoma. Jambo moja lililonitisha ni kwamba kanuni husomwa kuanzia juu kwenda chini, na ya kwanza inayomhusu mgeni ndiyo inayomhukumu. Ukikosea mpangilio unaweza kujifungia nje mwenyewe. Na mimi nilikuwa Masasi, mashine iko juu ya mlima, kati yetu barabara ya vumbi ambayo mvua ikinyesha mara moja hugeuka utelezi.

Nikaamua niandike kwanza kanuni ya kuniruhusu mimi. Kila kompyuta iliyomo mtandaoni ina namba yake. Niliitafuta ya kwetu, nikaiandika kwa makini: anayetoka kwenye namba hii aruhusiwe kuingia kwa mlango wa mafundi. Laini ilikuwa nzito, nikigonga herufi inakuja kuonekana baadaye, kama mtu anayesita kujibu. Nikasoma. Nikasoma tena. Enta.

Kanuni ya pili ilikuwa ya kufunga kila kitu kingine. Ningeweza kwanza kuwafungulia watu wa hospitali na barua, halafu nifunge mwishoni, na kitabu ndivyo kilivyoshauri. Lakini foleni ilikuwa inaongezeka nikiitazama, na sauti ya yule kijana wa Dar ilikuwa bado sikioni. Nilisema nifunge kwanza, damu ya mashine isimame, wengine nitawafungulia mara moja baadaye. Nikabonyeza, nikaitoa mikono kwenye kibodi kana kwamba inaunguza.

Alama ya kuandikia iliendelea kupepesa. Nikaandika amri ndogo ya kuuliza tarehe, ili tu nione kama bado nipo ndani. Tarehe ikaja. Nilicheka peke yangu mle chumbani.

Mvua ya kwanza ya msimu ikashuka wakati huo huo. Watu wa maghala walipiga kelele wakikimbilia kufunika korosho, radi ikapiga upande wa milima ya mawe, na umeme ukakatika.

Haukukaa sana kurudi. Niliwasha, nikapiga mtandao upya, modemu ikakwaruza, nikaomba kuingia Newala. Kimya. Si kwamba ilinikataa, maana kukataliwa kuna maneno yake. Ilikuwa kama kupiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Nikajaribu tena na tena. Ndipo nilipoiangalia namba yetu ya mtandao, nikaona siyo ile ya asubuhi.

Hakuna aliyewahi kuniambia, wala sikuwahi kuwa na sababu ya kugundua: kwa simu ya waya, kila ukikata na kupiga upya unapewa namba nyingine, yoyote iliyo wazi. Mtu pekee aliyeruhusiwa kuingia Newala alikuwa mwenye namba ya asubuhi, na mimi sikuwa tena mtu huyo. Ukuta nilioujenga ulikuwa umesimama imara. Wavamizi wa nje wamefungiwa, mimi nimefungiwa, na wauguzi wa hospitali nao wamefungiwa humo humo ndani ya jengo lao, kwa sababu nilikuwa sijawafungulia.

Niliikimbilia redio, ambayo ilitumia betri ya gari. Kabla sijashika kipaza sauti, ilianza yenyewe.

"Masasi, Masasi, hapa Newala. Mnanipata? Ova."

Alikuwa muuguzi mkuu. Wote tulimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama fulani, na sauti yake niliijua tangu utotoni, ya mtu asiyeharakisha maneno. Leo aliharakisha.

"Nakupata kwa mbali, mama. Shikamoo. Ova."

"Marahaba. Mwanangu, mashine inakataa ujumbe wangu tangu mchana. Nina mzazi hapa kutoka Mnyambe, amejifungua salama lakini damu imemtoka sana. Nataka damu kundi O, chupa mbili, na ije leo, isingoje kesho. Umenipata? Ova."

Nilikuwa nimejiandaa kumwelezea habari za kanuni na namba. Zilinitoka kichwani zote.

"Kundi O, chupa mbili, leo. Nimepata. Ova."

"Na hii mashine, niizime niiwashe upya, kama tunavyofanya redio? Ova."

Hapo nilikumbuka jambo. Kanuni nilizoandika nilikuwa sijazihifadhi. Zilikaa kwenye kumbukumbu ya muda tu, na mashine ikizimwa zinafutika zote, ikiwashwa inaamka wazi kama zamani, yule mgeni anarudi, na Dar wanakata laini kabla sijafika. Na zaidi ya hapo, mtangulizi wangu alikuwa amenionya kwamba diski yake ni mgonjwa. Mara ya mwisho ilipozimika ilisaga ndani kama kinu cha mkono, na ikagoma kuamka kutwa nzima.

"Hapana, mama! Usiizime! Nakuja mwenyewe na damu. Usiizime! Ova."

Redio ilikoroma. Katikati ya mkoromo nikamsikia akisema, "...sawa mwanangu," kisha mvua ikalichukua lililobaki.

Nilikwenda maabara ya hospitali ya wilaya kuchukua damu, nikikimbia, kanga kichwani. Dereva wa mradi, mzee mmoja wa Kimakua asiyependa maneno, alikuwa ameshasikia redio kutoka barazani. Nilipotoka na boksi la kubebea chanjo, ndani chupa za damu zimezungukwa na barafu, gari lilikuwa linaunguruma mlangoni.

"Barabara itakuwa mbaya, baba?"

"Itakuwa," alisema. "Shika hilo boksi, usiliweke chini."

Nililipakata njia nzima. Tambarare tulikwenda vizuri, madimbwi tu, na akina mama waliokuwa wakirudi na vikapu vya mabibo walitukwepa pembeni. Tulipoanza kupanda, magurudumu yalianza kucheza. Udongo wa kule ukilowa huwa kama sabuni. Mara mbili gari lilirudi nyuma kwa ubavu, na mara zote mbili dereva alizima redio ya kaseti, kana kwamba muziki ndio uliokuwa ukituteleza, akalipandisha polepole. Mimi sikuangalia bondeni. Nilikuwa nikiandika kanuni kichwani, moja baada ya nyingine, nikizipanga na kuzipangua. Halafu barafu ilipogonga ndani ya boksi nilikumbuka kilichomo, nikaona aibu kwamba nawaza mashine. Kisha nikairudia mashine. Nilimwazia mzazi yule wa Mnyambe, nisiyemjua uso, na kwenye wazo hilo hilo nilimwona yule mgeni wa mbali akigonga milango yetu mmoja mmoja. Sikuweza kuwatenganisha wale wawili.

Tulifika jua likizama. Muuguzi mkuu alikuwa barazani, aproni ina damu. Alilipokea boksi kutoka mikononi mwangu kabla sijashuka vizuri.

"Mungu akubariki. Ingia stoo, mlango haukufungwa," alisema akienda zake, karibu anakimbia. Mlango wa wodi ukajifunga nyuma yake.

Stoo ilikuwa giza na ilinuka spiriti na maboksi mapya. Nilisimama nikasubiri kusikia mvumo wa feni ya seva. Hapakuwa na mvumo. Nikapapasa upande wa nyuma wa mashine. Baridi. Taa zake zote zilikuwa zimekufa.

Ilikuwa imezimwa.

Nilikaa juu ya katoni la dripu. Nilijiuliza nimlaumu nani nikakosa. Nilisikia tena maneno yangu mwenyewe yakipita kwenye mkoromo ule. Usiizime. Ukinyofoa silabi moja tu, ile ya kukataza, kinachobaki ni uizime. Mvua ilikuwa imeila silabi ile mara zote mbili, pamoja na hapana yangu.

Nilipotulia kidogo nikaona kwamba kuna jambo moja lililoniangukia vizuri bila mimi kulipanga. Mashine iliyozimwa haitapiki. Kama ilizimwa tangu alasiri, basi Dar hawakuona barua chafu yoyote jioni ile, na huenda laini bado ipo. Sasa kazi ilikuwa kuiamsha bila kumruhusu mtu yeyote kuingia kabla sijamaliza. Nikanyoosha mkono nyuma yake nikauchomoa waya unaokwenda kwenye dishi. Halafu nikabonyeza kitufe cha kuwasha.

Diski ilisaga. Niliinama nikaweka kiganja juu ya boksi lake kama mtu anayempima mtoto homa. Ilisaga, ikanyamaza, ikasaga tena kwa sauti ya juu zaidi, na skrini ikabaki nyeusi. Niliomba, kwa maneno ambayo sikumbuki. Kisha mistari ya kwanza ya maandishi meupe ikaanza kupanda.

Niliandika taratibu kuliko nilivyowahi kuandika chochote. Kompyuta za ndani ya hospitali ziruhusiwe. Majibu ya mazungumzo tuliyoyaanzisha sisi wenyewe yaruhusiwe. Barua ziingie kwa mlango wake tu, na watu wetu wa zahanati wachukulie barua zao kwa mlango wao. Kwa mlango wa mafundi, safari hii sikutaja namba moja. Nilitaja kundi zima la namba za kampuni iliyotuuzia simu ya waya, ili hata nikibadilishiwa niwe bado wa humo. Mwisho kabisa, chini ya zote: mwingine yeyote akataliwe. Nikaziorodhesha, nikazisoma kwa kidole kwenye kioo cha skrini, kutoka juu kwenda chini, nikijifanya mimi ndiye mgeni. Nikafuta foleni ya barua chafu. Nikabadilisha maneno ya siri yote. Nikaihifadhi kazi.

Ndipo likaja lililonitisha kuliko yote. Ili nijue kama kanuni zimehifadhiwa kweli, ilinibidi niizime mashine na kuiwasha tena kwa hiari yangu, ilhali diski yake ni ile mgonjwa. Nilizunguka mle stoo. Nilifika mlangoni nikarudi. Lakini umeme wa Newala ungekuja kukatika siku moja, mimi nipende nisipende, na siku hiyo nisingekuwepo. Nikaizima.

Ilisaga muda mrefu. Nilikuwa nimefumba macho ilipoacha. Nilipofumbua, maandishi yalikuwa yanapanda, na nilipoomba orodha ya kanuni, zote zilikuwepo, kwa mpangilio wake. Nikauchomeka waya wa dishi. Taa yake ndogo ya kijani ilisita, ikawaka. Laini ilikuwa hai.

Muuguzi mkuu alinikuta nimekaa chini nimeegemea rafu ya dawa. Alikuwa amevua aproni.

"Imepona?"

"Imepona, mama. Na mzazi?"

"Chupa ya kwanza imeshuka yote. Presha inapanda. Ngoja tuone." Alijikalisha kwenye katoni nililoliacha. "Ulipokuwa njiani nilikuwa naogopa. Nilisema nimeizima kama alivyoagiza, sasa mbona haji?"

"Mama, nilisema usiizime."

Alinitazama. "Si ulisema uizime? Nilikusikia kwa masikio yangu."

"Redio imekula neno."

Alifunika mdomo kwa mkono, mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, na mimi nikashindwa kujizuia. Tulicheka kwa sauti ya chini kwa sababu ya wagonjwa, mpaka dereva akachungulia kuona kuna nini, akatikisa kichwa, akaenda kutafuta chakula.

Nililala nyumba ya wauguzi. Asubuhi, kabla ya kushuka, muuguzi mkuu alinipitisha wodini. Mzazi wa Mnyambe alikuwa ameegemezwa mito, midomo imepauka, mtoto kalala kwapani. Mama mkwe wake alikuwa akimnywesha uji kwa kijiko. Nilimwamkia mama mkwe shikamoo, akaitika, akaniuliza mimi ni daktari. Nikasema hapana, nimekuja na gari.

"Basi mwambie dereva tunamshukuru sana," alisema. "Watu wametuambia alivyopandisha mlima ule."

Nilimfikishia dereva salamu. Alisema, "Haya," akawasha gari.

Chini Masasi niliingia ofisini bila hata kunawa miguu. Simu iliita kabla sijakaa. Alikuwa kijana wa Dar, akasema mambo yametulia, wakubwa wameridhika, tumefanyaje? Nikamwambia tumeifunga milango. Akasema vizuri, dada, na akakata.

Kisha nikapiga mtandao. Namba tuliyopewa ilikuwa ngeni, sijawahi kuiona. Niliandika amri ya kuingia Newala, nikasoma herufi zake zote, vidole vikiwa juu ya enta bila kuigusa. Nje mtu alikuwa akipakia magunia ya korosho na kuhesabu kwa sauti. Nilibonyeza. Laini ikasita, ikasita sana, na mle kwenye skrini nyeusi mashine ikaniuliza neno la siri. Nililiandika, nikakosea, nikaandika tena, nikaingia.